Vita vya Jamhuri ya Indonesia na Uholanzi, 1945–1949: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu tunaijua Indonesia kwa mkutano wa Bandung wa 1955, ule uliokutanisha Asia na Afrika. Vita vilivyotangulia mkutano huo havisimuliwi sana kwa Kiswahili, na ndiyo maana maswali yaleyale hurudi kila mada inapoguswa. Tumeanza na mambo ya msingi, na yale yenye utata yako mwishoni. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa, utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya msingi

Nani alipigana na nani?

Upande mmoja ni Jamhuri ya Indonesia, iliyotangazwa Jakarta tarehe 17 Agosti 1945. Upande wa pili ni Ufalme wa Uholanzi, uliotaka kurudi kwenye koloni lake baada ya Vita Kuu ya Pili. Mapambano yaliendelea hadi 1949, na Uholanzi ikakabidhi madaraka rasmi tarehe 27 Desemba mwaka huo.

Mwaka wa kwanza, hata hivyo, damu nyingi ilimwagika kati ya Waindonesia na Waingereza (tazama swali kuhusu Waingereza). Na ndani ya jamhuri yenyewe kulikuwa na watu waliotaka jamhuri ya namna nyingine, wakaishika bunduki kuidai.

Uholanzi ilikuwa imetawala kwa muda gani?

Utasikia miaka 350. Hesabu hiyo inaanzia kwenye kampuni ya biashara ya VOC, iliyoundwa 1602 kutafuta karafuu, kungumanga na pilipili, ikavunjwa 1799, kisha mali na madeni yake yakachukuliwa na dola. Lakini visiwa havikutwaliwa kwa siku moja. Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, ilivamiwa 1873 na ikapigana kwa miongo kadhaa. Falme za kusini mwa Bali ziliangushwa kati ya 1906 na 1908. Kwa sehemu kubwa ya nchi, basi, mzee wa mwaka 1945 aliweza kuukumbuka wakati ambapo Mholanzi hakuwa bwana wake.

Indonesia ilipata uhuru 1945 au 1949?

Ukimuuliza Mwindonesia, jibu ni 1945, wala hakuna mjadala. Asubuhi ya 17 Agosti, nyumbani kwake mtaa wa Pegangsaan Timur namba 56, Sukarno alisoma tangazo fupi huku Mohammad Hatta akiwa kando yake, na bendera nyekundu na nyeupe iliyoshonwa na Fatmawati, mke wa Sukarno, ikapandishwa. Kesho yake katiba ikapitishwa, Sukarno akawa rais na Hatta makamu wake.

Kwa serikali ya Uholanzi, tarehe iliyohesabiwa kwa miongo mingi ni 27 Desemba 1949. Tofauti ya miaka hii minne ndiyo vita vyenyewe. Kama dola ilizaliwa 1945, askari waliotua kisiwa cha Java walikuwa wavamizi wa nchi ya watu. Kama ilizaliwa 1949, walikuwa wanatuliza ghasia nyumbani kwao. Swali la mwisho la ukurasa huu linaonyesha kwamba jambo hilo bado linagusa watu walio hai.

Je, uhuru huo haukuwa zawadi ya Wajapani?

Hapana, ingawa Wajapani wamo katika hadithi. Waliingia mapema 1942, na jeshi la Uholanzi likasalimu amri tarehe 8 Machi baada ya siku chache tu za mapigano Java. Heshima ya mkoloni ilivunjika mbele ya macho ya watu. Utawala wa Kijapani ulikuwa mkali kupindukia: vibarua wa lazima walikufa kwa maelfu, na njaa ya 1944 na 1945 iliua watu wengi mno Java. Lakini Wajapani waliunda pia jeshi la wazalendo la PETA mwaka 1943, na maofisa wengi wa jamhuri walipata mafunzo humo.

Wajapani walikuwa wakiandaa uhuru wa kupanga wao, na kamati zilikuwa zimekwisha kukaa. Kisha Japani ikasalimu amri tarehe 15 Agosti. Vijana wa Jakarta waliogopa kwamba uhuru ukitolewa na kamati ya Wajapani ungeonekana kitu cha kupewa. Alfajiri ya 16 Agosti wakawachukua Sukarno na Hatta kwa nguvu hadi mji mdogo wa Rengasdengklok, wakawashinikiza watangaze mara moja bila kumsubiri mtu. Usiku uleule viongozi walirudi Jakarta wakaandika tangazo. Haraka ile ya vijana ilikuwa na maana kubwa, kwa sababu Washirika, yaani nchi zilizoishinda Japani, walipotua mwezi wa Septemba walikuta serikali imekwisha kutangazwa.

Kwa nini Uholanzi iling'ang'ania wakati yenyewe ilikuwa imetoka kukaliwa na Wajerumani?

Kwa sababu hiyo hasa. Nchi ilikuwa imeporwa na kubomolewa kati ya 1940 na 1945, na wengi waliamini kwamba bila mapato ya mpira, mafuta, bati na sukari ya Indonesia haitainuka tena. Kulikuwa na msemo wa Kiholanzi wa siku hizo kwamba Indonesia ikipotea, balaa imezaliwa. Wapo pia waliosadiki kwa dhati kwamba Sukarno ni kibaraka wa Wajapani asiye na wafuasi, na kwamba mwanakijiji wa Java alikuwa akingoja bwana wake wa zamani arudi.

Mwaka 1942, akiwa uhamishoni London, Malkia Wilhelmina aliahidi ushirikiano mpya kati ya Uholanzi na makoloni baada ya vita. Ahadi hiyo ilimaanisha mageuzi chini ya taji lake. Kwa watu waliokuwa wameshapandisha bendera yao, ilikuwa imechelewa.

## Mwaka wa kwanza, 1945–1946

Waingereza walifuata nini Indonesia?

Washirika waliikabidhi Kamandi ya Kusini-Mashariki mwa Asia, chini ya Louis Mountbatten, kazi ya kuwapokonya Wajapani silaha na kuwaokoa wafungwa wa vita na raia wa Kizungu waliojaa makambini. Uholanzi haikuwa na jeshi la kutuma wakati huo. Vikosi vilivyotua Java na Sumatra kuanzia mwisho wa Septemba 1945 vilikuwa hasa vya Jeshi la India: Wahindi chini ya maofisa wa Kiingereza, wakati India yenyewe ilikuwa inadai uhuru. Baadhi ya askari hao walihama wakajiunga na Waindonesia.

Waingereza hawakutaka vita vya watu wengine. Lakini nyuma yao walirudi maofisa wa Kiholanzi, na kila Mholanzi aliyeshuka melini alithibitisha hofu ya vijana kwamba wakombozi hawa wanamfungulia mkoloni mlango. Waingereza wa mwisho waliondoka Novemba 1946.

Surabaya ilitokea nini, na kwa nini tarehe 10 Novemba ni Siku ya Mashujaa?

Surabaya ni mji wa bandari mashariki mwa Java. Hapo vijana walikuwa wamejinyakulia silaha nyingi za Wajapani, na Septemba 19 walikuwa wamepanda juu ya hoteli moja ya mji wakairarua sehemu ya buluu ya bendera ya Uholanzi, zikabaki nyekundu na nyeupe. Brigedi ya 49 ya India ilitua tarehe 25 Oktoba 1945 ikiwa na watu wachache kuliko waliohitajika. Baada ya siku tatu ilikuwa imezingirwa na kukaribia kumalizwa. Sukarno na Hatta waliletwa kwa ndege kutuliza mambo, lakini tarehe 30 kamanda wa brigedi, Brigedia Mallaby, akauawa katika vurugu za barabarani.

Waingereza walileta divisheni nzima, manowari na ndege, wakawataka watu wote wenye silaha wazisalimishe kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya 10 Novemba. Hakuna aliyezisalimisha. Mji ulipigwa kutoka baharini na angani, na mapigano ya nyumba kwa nyumba yakaendelea kwa takriban wiki tatu. Sutomo, kijana anayejulikana kama Bung Tomo, alikuwa akihutubia redioni akiwahimiza watu kwa takbira na kilio cha “Merdeka!”, yaani uhuru.

Kijeshi, Waindonesia walishindwa. Maelfu walikufa, mji ukaachwa kifusi, na silaha ambazo jamhuri ingezihitaji sana baadaye zikapotea humo. Hata hivyo mimi nasema Surabaya ilibadilisha vita. Waingereza walielewa pale kwamba Java haiwezi kurudishwa mikononi mwa mtu bila gharama ya kutisha, na kuanzia hapo wakawasukuma Waholanzi mezani.

Uislamu ulikuwa na nafasi gani?

Kubwa, hasa mashariki mwa Java. Tarehe 22 Oktoba 1945, jumuiya ya Nahdlatul Ulama chini ya Kiai Hasyim Asy'ari ilitoa azimio la jihadi. Ilihukumu kwamba kuilinda nchi ni fardhi ain, yaani wajibu wa mtu binafsi, kwa kila Mwislamu aliye ndani ya masafa yasiyoruhusu kufupisha Swala, na kwa walio mbali zaidi ni fardhi kifaya, wajibu unaotosha kutimizwa na baadhi. Wanafunzi wa vyuo vya dini walimiminika Surabaya siku chache kabla ya mapigano.

Jamhuri yenyewe haikuwa dola ya Kiislamu. Hatta alisimamia kuondolewa kwa maneno ya katiba yaliyowafunga Waislamu kwa sharia, baada ya kuambiwa kwamba visiwa vya mashariki vyenye Wakristo wengi visingekubali kujiunga. Si wote waliokubali. Kartosuwiryo alianzisha uasi wa Darul Islam magharibi mwa Java, uasi uliodumu hadi alipokamatwa 1962.

Je, Waindonesia nao hawakufanya ukatili?

Walifanya, na lazima isemwe. Kuanzia mwishoni mwa 1945 hadi mwanzoni mwa 1946, kipindi ambacho Waholanzi wanakiita Bersiap kwa kilio cha vijana cha “kaeni tayari”, magenge yenye silaha yaliua maelfu ya Waholanzi, machotara, Wachina na Waindonesia walioshukiwa kuwa upande wa mkoloni. Wengine walikuwa wanawake na watoto waliotoka tu kwenye makambi ya Wajapani. Serikali changa ya Jakarta haikuwa na polisi wa kuwazuia. Hilo ni maelezo, na waliokufa hawakuwa na hatia.

## Mikataba miwili, mashambulizi mawili

Mikataba ya Linggadjati na Renville ilisema nini?

Linggadjati, uliotiwa saini 25 Machi 1947, uliitambua jamhuri kuwa ndiyo inayoshika Java, Madura na Sumatra, na ukapanga shirikisho la Indonesia lililofungamana na taji la Uholanzi. Kila upande uliusoma kwa namna yake. Tarehe 21 Julai 1947 Waholanzi wakashambulia, wakatwaa mashamba makubwa, visima vya mafuta na bandari. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaingilia.

Renville ni jina la meli ya jeshi la Marekani iliyotia nanga bandari ya Jakarta, ambamo mkataba wa pili ulisainiwa 17 Januari 1948. Huu uliiumiza sana jamhuri: ulikubali mstari uliounganisha vituo vya mbele kabisa vya Waholanzi, hata pale ambapo nyuma ya mstari bado kulikuwa na askari wa jamhuri. Divisheni ya Siliwangi ya jeshi la jamhuri ikalazimika kuhama magharibi mwa Java kwa maelfu, kwa treni, kwa meli na kwa miguu, kuingia eneo dogo la katikati ya kisiwa lililojaa wakimbizi na njaa. Kuhama huko wakakuita hijra.

Kwa nini Waholanzi waliyaita mashambulizi yao “operesheni za polisi”?

Kwa sababu ya sheria. Umoja wa Mataifa hauna mamlaka juu ya mambo ya ndani ya nchi, na polisi ni jambo la ndani. Ukikiri kuwa ni vita, umekiri kwamba kuna dola nyingine mbele yako. Lakini operesheni hizo zilikuwa na mizinga, ndege za kivita na askari wa miavuli, na kufikia mwishoni Uholanzi ilikuwa na askari wapatao 140,000 huko, wengi wao vijana wa kulazimishwa. Wapo waliokataa kupanda meli wakafungwa.

Ni kweli jamhuri ilitekwa yote tarehe 19 Desemba 1948?

Mji mkuu ulitekwa. Serikali ilikuwa imehamia Yogyakarta tangu Januari 1946, chini ya hifadhi ya Sultani Hamengkubuwono IX. Alfajiri ya siku hiyo askari wa miavuli walishuka uwanja wa ndege wa Maguwo, na kabla ya usiku Sukarno, Hatta na mawaziri kadhaa walikuwa mikononi mwa Waholanzi. Wakahamishiwa Sumatra na kisiwa cha Bangka.

Kabla ya kukamatwa, baraza la mawaziri lilikuwa limeamua mambo mawili: viongozi wabaki mjini, wakamatwe mbele ya macho ya wasuluhishi wa Umoja wa Mataifa waliokuwa karibu, na mamlaka yapewe Sjafruddin Prawiranegara, waziri aliyekuwa Sumatra. Telegramu ya kumkabidhi haikumfikia. Aliposikia Yogyakarta imeanguka, aliunda serikali ya dharura mwenyewe, tarehe 22 Desemba, akaizungusha vijijini na misituni magharibi mwa Sumatra ikiwa na mtambo wa redio. Redio hiyo iliendelea kuwasiliana na Java na hata na wajumbe walio ng'ambo. Sjafruddin alirudisha madaraka Julai 1949, akiwa amefanya mojawapo ya kazi kubwa za vita hivi, na jina lake halitajwi hata robo ya linavyotajwa la Sukarno.

Sultani naye alikataa kila ombi la Waholanzi la kushirikiana. Alijifungia ndani ya kasri lake, na kwa heshima aliyokuwa nayo kwa watu wake hakuna aliyethubutu kumgusa.

Jenerali Sudirman alikuwa nani?

Mwalimu wa shule ya jumuiya ya Kiislamu ya Muhammadiyah aliyeingia PETA, kisha akachaguliwa na makamanda wenzake kuwa mkuu wa jeshi Novemba 1945, akiwa bado hajafika miaka 30. Uchaguzi huo ni ajabu kwa jeshi lolote, lakini jeshi hili liliundwa kutoka chini.

Mwaka 1948 aliugua kifua kikuu, na pafu lake moja likawa halifanyi kazi. Yogyakarta iliposhambuliwa alitoka kitandani, akaingia milimani. Kwa miezi kama saba aliongoza vita vya msituni akibebwa kwa machela, akihama kijiji hadi kijiji, akilala nyumba za wakulima waliojua kabisa kwamba kumficha kungeweza kuwaletea moto. Alirudi mjini Julai 1949 akiwa mifupa mitupu, na alifariki 29 Januari 1950, siku chache baada ya kutimiza miaka 34.

Shambulio la 1 Machi 1949 lilikuwa wazo la Suharto?

Luteni Kanali Suharto ndiye aliyeliongoza. Askari wa jamhuri waliingia Yogyakarta asubuhi, wakaushika mji kwa muda wa saa sita, kisha wakatoka. Lengo lilikuwa kuuonyesha ulimwengu kwamba jeshi lililotangazwa kumalizwa lipo, na habari zikasambazwa kwa redio.

Suharto alipokuwa rais, filamu na makumbusho yalimfanya kuwa mwenye wazo na mwenye kazi yote. Sultani aliwahi kueleza kwamba wazo lilitoka kwake. Kwa maoni yangu, mipango ya namna hii haizaliwi kichwani mwa mtu mmoja, na aliyekuwa na dola mkononi kwa miaka zaidi ya 30 alijichukulia sifa kuliko stahili yake.

Jamhuri iliyozingirwa ilipata wapi fedha na mahitaji?

Uholanzi iliweka kizuizi cha baharini, hivyo magendo kwenda Singapore yakawa uti wa mgongo: mpira, sukari na mazao mengine yalivushwa usiku, zikarudi silaha, nguo na dawa. Oktoba 1946 jamhuri ilitoa noti zake yenyewe, na kuzipokea sokoni kukawa namna ya kusema uko upande gani. Watu wa Aceh, ambao Waholanzi hawakuthubutu kurudi kwao tena, walichanga fedha na dhahabu hadi ikanunuliwa ndege ya Dakota, iliyoitwa Seulawah.

Na vijijini, chakula cha wapiganaji kilitoka majikoni mwa wanawake. Wengine walikuwa wabeba ujumbe na wauguzi, na Bandung kulikuwa na kikosi cha wanawake cha Laswi tangu 1945.

## Dunia ilikuwa upande gani?

Nani aliisaidia jamhuri mapema?

Wa kwanza kabisa ni wafanyakazi wa bandari za Australia, waliokataa kuzihudumia meli za Uholanzi tangu Septemba 1945. Misri ilisaini mkataba wa urafiki na jamhuri tarehe 10 Juni 1947, ujumbe ukiongozwa na Haji Agus Salim, mzee aliyejua lugha nyingi. India ya Nehru ilipeleka suala hili Baraza la Usalama pamoja na Australia, na Januari 1949 ikaitisha mkutano New Delhi wa nchi za Asia na jirani zake kuilaani Uholanzi.

Marekani je?

Kwa miaka mitatu ilikuwa vuguvugu. Uholanzi ilikuwa rafiki wa Ulaya, na fedha za Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya, ziliisaidia kusimama, jambo ambalo kwa vitendo liliiwezesha kulipia jeshi lililoko Java. Mambo mawili yaligeuza msimamo. Septemba 1948 wakomunisti chini ya kiongozi wao Musso waliasi mjini Madiun, na serikali ya Sukarno na Hatta ikauzima uasi huo kwa nguvu zake yenyewe. Washington ikaona jamhuri isiyo ya kikomunisti. Miezi mitatu baadaye Uholanzi ikaishambulia jamhuri hiyohiyo.

Marekani ilisimamisha msaada uliotengwa kwa Indonesia ya Waholanzi, na wabunge wakaanza kudai hata msaada wa Uholanzi yenyewe ukatwe. Tarehe 28 Januari 1949 Baraza la Usalama likataka viongozi wafunguliwe na madaraka yakabidhiwe. Mei 7 pande mbili zikakubaliana kurudisha jamhuri Yogyakarta, kisha Agosti hadi Novemba ukafanyika mkutano wa meza ya duara katika mji wa The Hague, Uholanzi.

Basi nani alishinda, wapiganaji au wanadiplomasia?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi mwingi kuliko yote. Wanajeshi walisema wanasiasa waliuza kwa kalamu kilichopatikana kwa damu, wakitaja Renville. Wanasiasa walisema bunduki hazikuwahi kuukomboa mji mkuu mmoja.

Naona wote walikuwa wakifanya kazi moja bila kupenda kuikubali: kuifanya jamhuri iendelee kuwapo. Waholanzi walishinda karibu kila mapambano ya wazi. Walichoshindwa ni kumpata mtu wa kupokea ushindi wao. Walipouteka mji mkuu, serikali ilikuwa Sumatra. Walipomkamata rais, jenerali alikuwa milimani. Mchana walishika barabara, na usiku mwenyekiti wa kijiji alikusanya kodi ya jamhuri. Mjumbe aliyesimama mbele ya Umoja wa Mataifa aliaminika kwa sababu hiyo, na mpiganaji wa kijijini alikuwa na sababu ya kuvumilia kwa kuwa kulikuwa na mjumbe huko.

## Gharama

Walikufa watu wangapi?

Upande wa Uholanzi walikufa askari wapatao 5,000, si wote kwa risasi. Kwa Waindonesia, makadirio ya kawaida ni karibu 100,000, lakini wakulima waliokufa vijijini kwa njaa na magonjwa hawakuandikwa na mtu.

Uhalifu unaotajwa sana ni upi?

Kati ya Desemba 1946 na Februari 1947, kikosi cha Kapteni Raymond Westerling kilizunguka kusini mwa kisiwa cha Sulawesi kikikusanya wanaume wa kijiji na kuwapiga risasi hadharani bila kesi. Idadi rasmi ya Indonesia ni 40,000. Watafiti wa kihistoria wanataja maelfu machache. Hata hiyo ya chini inatosha kuwa aibu, na Westerling hakuwahi kuhukumiwa. Tarehe 9 Desemba 1947, katika kijiji cha Rawagede, Java, wanajeshi waliomtafuta kiongozi mmoja wa wapiganaji waliwaua wanaume wa kijiji, 431 kwa hesabu ya wenyeji.

Kwa muda mrefu serikali ya Uholanzi ilishikilia kwamba hayo yalikuwa matukio ya hapa na pale. Mwaka 1969 mkongwe wa vita, Joop Hueting, alisimulia kwenye televisheni aliyoyaona, na akatishiwa maisha na wenzake. Februari 2022 utafiti mkubwa wa taasisi tatu za Uholanzi ulihitimisha kwamba ukatili uliopita mipaka ulitumika mara kwa mara na kwa mpangilio, na kwamba wakubwa wa jeshi na wa siasa waliuvumilia. Waziri Mkuu Mark Rutte akaomba radhi siku hiyohiyo. Mfalme Willem-Alexander alikuwa amefanya hivyo Machi 2020 akiwa Indonesia.

Wenyeji waliopigania Uholanzi waliishia wapi?

Jeshi la kikoloni la KNIL lilivunjwa Julai 1950. Wengi walirudi makwao au wakaingia jeshi jipya. Walioumia zaidi ni askari kutoka visiwa vya Maluku: mwaka 1951 wao na familia zao, watu wapatao 12,500, walipelekwa Uholanzi wakiambiwa ni kwa muda, wakaachishwa jeshi walipofika, wakawekwa makambini, baadhi yakiwa yametumiwa na Wanazi. Hawakurudishwa.

## Yaliyobaki

Ni kweli Indonesia ililipishwa deni la vita vilivyopiganwa dhidi yake?

Ndiyo, kwa sehemu. The Hague, jamhuri ilikubali kubeba deni la serikali ya kikoloni, kiasi cha gilda bilioni 4.3. Wajumbe wake walipinga kwamba ndani yake mlikuwa na gharama za operesheni za kijeshi, na wakabanwa hadi wakakubali ili madaraka yapatikane. Indonesia ilikataa kuendelea kulipa mwaka 1956.

Papua Magharibi ilikuwa sehemu ya makubaliano?

Eneo hili, nusu ya magharibi ya kisiwa cha New Guinea, liliachwa pembeni, lijadiliwe baadaye, na Uholanzi ikaendelea kulishika. Ugomvi huo ulisababisha kampuni za Kiholanzi kutaifishwa kuanzia Desemba 1957 na karibu kuleta vita vipya. Mkataba wa New York wa Agosti 1962 ulipitisha eneo hilo kwa Umoja wa Mataifa, na Mei 1963 likakabidhiwa Indonesia. Kura ya 1969 ya kuamua hatima ya eneo hilo ilipigwa na wawakilishi kama elfu moja tu walioteuliwa, hadharani, chini ya macho ya wanajeshi. Nchi iliyopigania haki ya watu kujiamulia haikuwapa Wapapua haki hiyo, na mgogoro unaendelea hadi leo.

Askari wa Afrika Mashariki walipelekwa huko?

Watu huuliza kwa sababu babu zao wa King's African Rifles walipigana Burma chini ya kamandi hiyohiyo ya Mountbatten. Vikosi vilivyotumwa Java na Sumatra vilikuwa vya Jeshi la India. Uhusiano wetu na vita hivi ulikuja kupitia Bandung, Aprili 1955, ambako nchi 29 zilikutana. Kutoka Afrika zilikuwa sita: Misri, Ethiopia, Sudan, Libya, Liberia na Gold Coast (Ghana ya leo). Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar zilikuwa bado zinatawaliwa.

Uholanzi imeikubali tarehe ya 17 Agosti 1945, na waathirika wamelipwa?

Mwaka 2005 waziri wa mambo ya nje Ben Bot alikwenda Jakarta kwenye sherehe za uhuru, akasema Uholanzi inaikubali tarehe hiyo kisiasa na kimaadili. Juni 2023 Rutte alisema bungeni kwamba inatambuliwa kikamilifu.

Malipo yamekuja kwa njia ya mahakama. Septemba 2011 mahakama ya The Hague iliamua kwamba dola inawajibika kwa mauaji ya Rawagede, na wajane waliofungua kesi wakalipwa yuro 20,000 kila mmoja. Serikali ilidai kwanza kwamba muda wa kushtaki umepita. Mahakama ikaikatalia kwa wajane. Baadaye wajane wa Sulawesi Kusini walilipwa pia, na mwaka 2020 ukawekwa utaratibu wa yuro 5,000 kwa watoto wa waliouawa bila kesi. Mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba baba yake aliuawa, wapi, na na nani, katika vijiji ambavyo rejista nyingi ziliungua pamoja na nyumba.